Alisema Anaogopa, Wakasema ni Wasiwasi Tu

Katika kazi yetu ya uuguzi kuna maneno ambayo huandikwa upesi mno kwenye kadi ya mgonjwa: wasiwasi tu. Mama anakuja, presha imepanda, usiku halali. Ukimwuliza anasema anaogopa. Anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Mimi pia nimewahi kuandika hivyo, na si mara moja.

Ndiyo maana riwaya ya Agatha Christie iitwayo Murder in Mesopotamia, iliyotoka mwaka 1936, ilinikosesha usingizi. Msimuliaji wake ni nesi, Amy Leatheran. Anaajiriwa na Dakta Leidner, mtaalamu wa mambo ya kale anayeongoza uchimbaji huko Iraki, akae na mkewe Louise, ambaye amejawa na hofu. Louise anapata barua za vitisho zenye jina la mume wake wa kwanza, aliyedhaniwa kuwa amekufa. Usiku anaona uso dirishani. Watu wa kambini wanamcheka. Wengine wanahisi barua hizo anajiandikia mwenyewe! Kisha mchana mmoja anakutwa amekufa chumbani mwake, amepigwa kichwani.

Mwandishi aliyajua mambo hayo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijitolea kuuguza majeruhi mjini Torquay, Uingereza, halafu akafanya kazi katika chumba cha dawa, ambako alijifunza habari za sumu. Mwaka 1930 aliolewa na Max Mallowan, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekutana naye Uru, mji ule ambao wengi huamini ndio alikotoka baba yetu Ibrahimu. Baadaye huko Nimrud, ambao katika kitabu cha Mwanzo unaitwa Kala, alisafisha vipande vya pembe za ndovu kwa krimu yake ya kupaka usoni.

Mpelelezi Hercule Poirot anapofika, haanzi na nyayo wala alama za vidole. Anauliza: huyu Louise alikuwa mtu wa namna gani? Katika riwaya ya baadaye, Death on the Nile ya mwaka 1937, anaeleza kwamba alijifunza kwa wachimbaji: udongo huondolewa kidogo kidogo mpaka kitu chenyewe kionekane. Nadhani hata sisi wauguzi tungefaa kuuliza hivyo.

Kuna kifo cha pili. Mwanamke mmoja anashtuka usiku ana kiu, ananyosha mkono kwenye glasi ya maji, kumbe imewekwa asidi ya kusafishia vyombo vya udongo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Akina mama, mnaoweka mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, tafadhali! Watoto wa namna hiyo nimewapokea.

Kitabu kina kasoro. Nesi Leatheran anawadharau wenyeji, na Waarabu wanaobeba udongo hawasikiki sana. Hilo halikunipendeza.

Muuaji simtaji, asije mtu akanilaumu. Nitasema tu kwamba hofu ya Louise haikuwa ya bure, na jambo alilohitaji zaidi ni mtu wa kuamini neno lake mapema. Hata asubuhi ya ufufuo wanawake walileta habari za kweli, na mitume wenyewe hawakuwasadiki (Luka 24).

Siku hizi nikishika kadi ya mama wa namna hiyo, kabla ya kuandika chochote nafunga mlango, naketi, namwuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna mtu anayemwogopa. Wa kwanza niliyemwuliza alinyamaza kitambo. Akatazama mlango. Kisha akaniuliza kama mumewe bado amekaa pale nje kwenye benchi.