Sekunde Tatu Kwenye Ukucha wa Mtoto

Katika mikutano yetu na kamati za parokia hurudi swali moja: fedha za afya zinunue mashine gani? Ni swali zuri. Hata hivyo, safari hii tunapenda kueleza kipimo kisichohitaji mashine wala umeme, bali kidole gumba na saa yenye mshale wa sekunde.

Mtoto anapopoteza maji mengi kwa kuhara, au anapougua maambukizi makali, mwili hubana matumizi kama familia wakati wa njaa. Damu hupelekwa kwanza kwenye moyo na ubongo. Mikono na miguu husubiri. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na tumbo la moto na vidole vya baridi. Mishipa midogo kabisa ya vidoleni hujaa polepole, na jambo hilo huonekana kwa macho.

Mhudumu huinua kidogo mkono wa mtoto, akabonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde 3 mpaka nyama iliyo chini yake ipauke. Kisha huachia na kuhesabu mpaka rangi irudi. Kwa mtoto mzima wa afya haichukui zaidi ya sekunde 2 hivi. Ikipita 3, ni dalili ya hatari.

Hatari, lakini si hukumu. Katika mwongozo wake wa mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linataka dalili tatu zionekane pamoja ndipo isemwe kuwa mtoto yuko katika shoku: mikono au miguu ya baridi, rangi kuchelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo ya damu dhaifu yaendayo mbio. Tena kipimo hiki hudanganya. Asubuhi za Juni na Julai kule Njombe, mkono wa mtoto yeyote ni baridi. Upashwe joto kwanza. Ukucha wenye hina hauonyeshi kitu, na mwanga wa koroboi ni hafifu mno. Wahudumu wawili wanaweza kuhesabu tofauti, hivyo tunawaomba warudie.

Wafadhili wengine wametuuliza kwa nini tusipeleke dripu kila kijiji. Jibu letu linatoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2011, ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa: kama 10 katika kila 100, dhidi ya 7. Matokeo hayo yaliwashangaza hata madaktari. Watoto wenye kuhara hawakuwemo katika utafiti huo, na wao huhitaji maji; lakini nani apewe dripu, na kwa kasi gani, ni kazi ya mganga.

Kazi ya mhudumu wa kijiji ni kutambua mapema na kumpeleka mtoto. Akiwa anahara na anaweza kunywa, aendelee kupewa maji ya ORS njiani. Saa ya mkononi si ghali. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli ya pikipiki usiku, na fungu hilo tumeliona katika bajeti chache sana za parokia tulizoletewa.