Regulata ya gesi: Kifaa kidogo kinachobeba usalama wa jiko kubwa

MARUFUKU ya kuni na mkaa kwa taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 kwa siku, ambayo ukomo wake ulikuwa Januari 31, 2024, imezilazimu taasisi nyingi nchini kuangalia upya majiko yao.

Kwa Shinyanga, jambo hilo lina uzito wa pekee. Ni huko ambako mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI kurejesha miti na ngitili baada ya ardhi kubaki tupu. Leo migodi ya dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, imekusanya watu wengi wanaokula migahawani.

Hata hivyo, kuacha kuni si kununua mtungi wa kilo 38 tu. Kati ya mtungi na jiko hukaa regulata, na hapo ndipo wengi hukosea.

Gesi hukaa mtungini ikiwa kimiminika. Propani tupu, katika nyuzijoto 25, huwa na presha ya takriban bari 8, karibu mara nne ya tairi la gari dogo. Ikichanganywa na butani hupungua. Jiko la nyumbani huhitaji milibari 30 hivi. Ndani ya regulata, springi na gesi husukumana kwenye utando wa mpira: presha ikizidi, utando huziba njia; ikipungua, springi huifungua.

Mpishi anayefunga regulata ya nyumbani kwenye jiko kubwa hupata moto hafifu. Akichoka, huweka ya presha kubwa, lakini mpira wa gesi huubakiza ule ule. Mpira huo waweza kuchomoka au kupasuka, na gesi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ikutane na moto.

Mfumo sahihi huunganisha mitungi kadhaa nje ya jengo. Regulata ya kwanza hushusha presha mitungini, ya pili huikamilisha karibu na jiko. Mtungi mmoja ukivutwa gesi nyingi hupoa hata kutoa jasho, moto ukafifia, na regulata ikalaumiwa bure.

Vumbi nalo ni adui. Kitundu cha kupumulia cha regulata kikizibwa, utando haufanyi kazi ipasavyo. Hivyo hufungwa kikitazama chini. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.