Kutuliza Jita Kati ya Kompyuta na Kigeuzi cha Sauti

Muziki ulio ndani ya kompyuta ni msururu wa namba. Kwa ubora wa sidii, kila chaneli ina namba 44,100 kwa sekunde, na kila moja inapaswa kugeuzwa kuwa umeme wa sauti mikrosekunde 22.7 hivi baada ya ile iliyoitangulia. Kazi hiyo hufanywa na kigeuzi cha sauti, kifaa kinachokaa kati ya kompyuta na amplifaya. Namba ikiwa sahihi lakini ikageuzwa mapema au ikachelewa, umbo la wimbi huharibika. Kuyumba huko kwa wakati ndiko jita.

Sauti nyembamba ndizo huumia zaidi, kwa kuwa mawimbi yake hupanda na kushuka upesi. Kwa wimbi la hetsi 20,000 lenye nguvu kamili katika biti 16, kosa la pikosekunde 121 hivi tayari linafikia nusu ya hatua ndogo kabisa ambayo namba hizo zinaweza kuonyesha.

Katika muunganisho wa S/PDIF, ulioanzishwa na Sony na Philips, namba hupita pamoja na mapigo ya saa, yanayoonyesha wakati wa kuzigeuza. Kigeuzi huyachuja mapigo hayo kutoka katika ishara, na kasoro za njiani huweza kuingia humo. Kebo ya koaksia isiyo ya omu 75, kwa mfano, huifanya sehemu ya ishara irudi nyuma na kuyavuruga mapigo hayo.

USB hutuma namba kwa mafungu, kila milisekunde moja au kila mikrosekunde 125. Katika mfumo wa kufuata, kigeuzi hurekebisha saa yake ilingane na mwendo wa kompyuta. Katika mfumo wa kujitegemea, kigeuzi hushika saa yake chenyewe na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze namba. Ni kama tangi la maji juu ya nyumba: bomba huleta maji kwa vipindi, boya huyafungulia au kuyazuia, na chini hutiririka sawasawa. Tangi likikauka sauti hukatika, lakini hilo ni tatizo jingine, si jita.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kigeuzi cha USB cha mfumo wa kujitegemea, chenye fuwele, inayotoa mapigo ya saa, karibu kabisa na sehemu inayogeuza namba. Vilivyo bora vingi vina fuwele mbili: ya megahetsi 22.5792 kwa familia ya kasi ya namba 44,100 kwa sekunde, na ya 24.576 kwa familia ya kasi ya 48,000. Mwenye kigeuzi cha zamani cha S/PDIF anaweza kutanguliza kifaa cha kupokea USB kwa mfumo huohuo.

Hubaki kelele za umeme wa kompyuta, ambazo hupita katika waya wa USB na kuisumbua fuwele. Kitenganishi cha umeme huzipunguza. Kebo ya mwanga ya S/PDIF nayo haipitishi umeme, ingawa mapigo yake bado huhitaji kuchujwa upande wa pili.