Rangi ya Mng'ao na Uchunguzi wa Makohozi

Mtu wa Picha ya Ndege, katika mji wa Kibaha, akikohoa kwa majuma mawili au zaidi, hutakiwa aende kituo cha afya akatoe makohozi yapimwe. Makohozi hayo huingia maabara, na baada ya muda hurudi jibu fupi: vijidudu vimeonekana, au havikuonekana. Baina ya kutoa makohozi na kupata jibu kuna kazi ambayo wengi hawaijui, na katika kazi hiyo mara nyingi imo rangi moja ya manjano iitwayo auramini. Katika makala hii nakusudia kueleza rangi hiyo ni kitu gani na hufanyaje kazi. Kisha nitaeleza jinsi jibu lake lifaavyo kusemwa kwa Kiswahili, maana jibu likisemwa vibaya, faida ya rangi yenyewe hupotea.

Yafaa kwanza tupambanue maneno. Taa huwaka, kioo huakisi, dhahabu hung'aa, kimulimuli humetameta kwa nuru iliyomo mwilini mwake. Lakini viko vitu ambavyo hupokea nuru ya rangi moja, na papo hapo hutoa nuru ya rangi nyingine. Ile ya kwanza ikikatika, navyo huzimika. Mfano ulio karibu nasi ni kwinini. Maji yaliyotiwa kwinini hayana rangi, lakini yakipigwa na ile nuru ya jua isiyoonekana kwa macho, iliyo ng'ambo ya zambarau, hutoa nuru ya buluu. John Herschel aliandika habari ya jambo hili mwaka 1845, na mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge akalieleza: nuru itokayo ina nguvu pungufu kuliko nuru iliyoingia, na kwa hiyo rangi yake si ile ile. Hapa nitaliita jambo hili "mng'ao geu", kwa kuwa nuru hugeuka rangi. Na rangi zenye tabia hiyo nitaziita "rangi za mng'ao". Rangi hizo ni nyingi. Mojawapo ni fluoresini, iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871, ambayo madaktari huidondosha jichoni ili kidonda kilicho juu ya mboni kionekane kwa rangi ya kijani.

Auramini ilivumbuliwa mwaka 1883 na Heinrich Caro na Alfred Kern, nayo ilikusudiwa kutia rangi nguo, ngozi na karatasi. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alikuwa ametangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kijidudu hicho kina ganda lenye mafuta mazito mfano wa nta, na rangi za kawaida haziliingii kwa urahisi. Lakini rangi ikisaidiwa kuingia, huganda humo hata haitoki kwa kuoshwa na asidi. Kwa tabia hiyo Franz Ziehl na Friedrich Neelsen walitengeneza njia ya rangi nyekundu, ambayo imetumika duniani kote kwa zaidi ya miaka mia moja. Njia ya auramini ilionyeshwa na P. K. Hagemann mwaka 1937.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Makohozi hupakwa juu ya kipande cha kioo, yakakaushwa na kupashwa moto ili yashike. Kisha humwagiwa auramini iliyochanganywa na fenoli, ambayo huisaidia kupenya ganda. Baadaye kioo huoshwa kwa asidi iliyomo katika spiriti: vitu vingine vyote hupoteza rangi, ila vijidudu vya namna hii huishikilia. Mwisho hutiwa pamanganeti ya potasiamu, ifanyayo giza mahali palipobaki. Kioo kikitazamwa kwa hadubini yenye nuru ya buluu, vijidudu huonekana kama vijiti vya manjano vinavyong'aa gizani.

Faida yake ni hii. Katika njia ya rangi nyekundu, mpimaji hana budi kukuza mara 1,000, na kila atazamapo huona eneo dogo sana la kioo. Katika njia ya auramini hutosha kukuza mara 200 hadi 400, kwa sababu kitu king'aacho gizani hakihitaji kuwa kikubwa ndipo kionekane. Hivyo hutazama eneo kubwa kwa muda mfupi, na macho yake huchoka polepole zaidi. Kwa wastani njia hii huvumbua wagonjwa zaidi kwa kadiri ya sehemu kumi katika mia.

Msomaji atauliza: ikiwa ni njema hivyo, mbona ilichelewa kuenea? Sababu ilikuwa taa. Hadubini za zamani za namna hii zilitumia taa za zebaki, ambazo ni ghali, hutoa joto jingi, hufa baada ya saa mia chache, na hutaka chumba cha giza. Taa ndogo za LED ziliondoa uzito huo: hudumu maelfu ya saa, na zaweza kutumia betri mahali pasipo umeme wa kutegemewa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri zitumike badala ya zile za zebaki, na hatua kwa hatua zichukue mahali pa njia ya rangi nyekundu.

Kwa Tanzania jambo hili si dogo. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, ukisaidiwa kwa shauri la Karel Styblo, na msingi wake ulikuwa kupima makohozi kwa hadubini. Mataifa mengine yalikuja kuuiga. Hata hivyo Tanzania ilikuwamo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi haya, iliyowekwa kwa miaka 2021 hadi 2025.

Jinsi hadubini iwezavyo kupitwa na kitu huonekana wazi ukiifuata barabara ipitayo Kibaha mpaka Morogoro. Huko shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limefundisha panya buku kunusa kifua kikuu, na kazi hiyo ya makohozi ilianza mwaka 2007. Panya hunusishwa makohozi yaliyokwisha pimwa zahanati. Akikwaruza penye makohozi yaliyosemwa hayana kitu, makohozi hayo hupimwa tena, na njia mojawapo ya kuthibitisha ni auramini hiyo hiyo. Kwa njia hii wamepatikana maelfu ya wagonjwa ambao walikwisha kuambiwa hawana vijidudu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Hadubini haiwezi kuona vijidudu mpaka viwe vingi, maelfu kadhaa katika kila mililita ya makohozi. Watoto, na watu wenye virusi vya UKIMWI, mara nyingi huwa na vichache zaidi ya hivyo. Tena rangi haipambanui kijidudu kilicho hai na kilichokufa, wala haionyeshi kama kimezoea dawa. Ndiyo sababu tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri mashine zipimazo chembe za urithi za kijidudu. Basi kumwambia mgonjwa "huna kifua kikuu" kwa sababu ya kioo kimoja ni kusema zaidi ya kile rangi ilichosema. Neno la haki ni "havikuonekana vijidudu katika makohozi haya". Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa. Aliyeambiwa la kwanza huenda nyumbani akalala chumba kimoja na watoto wake, akidhani kikohozi ni cha vumbi. Aliyeambiwa la pili hujua kwamba kikohozi kikiendelea, imempasa kurudi.

Watu wa maabara wamekwisha kufanya kazi yao ya kukifanya kionekane kisichoonekana. Wale watungao fomu za majibu kwa Kiswahili, na wale wazisomao mbele ya mgonjwa, nao wachague maneno yao kwa uangalifu uo huo.