Kutambua na Kurekebisha Makosa ya Hali ya Mwanzo katika Uigaji wa Mtiririko wa Mto Kagera, Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua na kurekebisha makosa ya hali ya mwanzo katika uigaji wa kompyuta wa mtiririko unaobadilika kwa muda. Mfano unaotumika ni sehemu ya Mto Kagera inayozitenga wilaya za Karagwe na Kyerwa na nchi ya Rwanda. Hapo maji hupita katika vinamasi vya mafunjo na kuungana na maziwa kadhaa, likiwamo Ihema upande wa Rwanda.

Milinganyo ya Saint-Venant, iliyochapishwa mwaka 1871, huwezesha kukokotoa kina na kasi ya maji katika kila hatua ya muda kutokana na hatua iliyotangulia. Kwa hiyo mtafiti hulazimika kutoa kina na kasi ya kila sehemu wakati wa kuanzia, ilhali vipimo hupatikana katika vituo vichache tu. Pengo hilo hujazwa kwa makisio. Katika mto wenye mteremko mkali, kosa la makisio husombwa na maji mapema; katika kinamasi, hubaki.

Tuchukulie, kwa hesabu ya mfano tu, kwamba kina kimezidishwa kwa sentimita 20 katika kinamasi cha kilomita za mraba 50. Ziada hiyo ni mita za ujazo milioni 10. Iwapo inaanza kutoka kwa mita za ujazo 20 kwa sekunde, na kiwango hicho kikapungua sambamba na ziada inayobaki, baada ya siku 6 hivi bado asilimia 37 itakuwamo. Itahitaji takribani siku 17 kufikia asilimia 5.

Katika kipindi hicho, modeli hutoa maji kuliko inavyostahili. Mtafiti anayeilinganisha na vipimo vya Kyaka, chini ya mto, hushawishika kuongeza mgawo wa msuguano wa mafunjo. Kwa kuwa thamani ya mgawo huo ina shaka tangu awali, rekebisho huonekana halali na grafu hulingana. Hata hivyo, mgawo umebebeshwa kosa lisilo lake, na katika utabiri wa mafuriko ya masika kilele cha maji kitaonekana kuchelewa kuliko kitakavyofika kwa wakazi wa bondeni.

Majaribio manne hutenganisha kosa la hali ya mwanzo na makosa mengine. La kwanza ni la maji tulivu: miingilio na mitokeo hufungwa, uso wa maji huwekwa katika usawa mmoja, na kasi huwa sifuri. Mwendo ukizuka, huenda mtafiti ameingiza kina sawa kila mahali badala ya usawa sawa wa uso, jambo linaloufanya uso ufuate mabonde ya sakafu ya mto.

La pili ni kupunguza hatua ya muda. Tatizo likitokana na sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928, msukosuko hutoweka. Wimbi likibaki palepale na kwa wakati uleule, chanzo chaweza kuwa kutolingana kwa hali ya mwanzo na masharti ya mpakani. Mathalani, mto uliosimama kupokea ghafla mtiririko kamili. Tiba yake ni kuongeza mtiririko huo polepole.

La tatu ni kushikilia mtiririko usiobadilika hadi kiasi kinachoingia kilingane na kinachotoka, kisha kuihifadhi hali hiyo kuwa mwanzo mpya.

La nne ni kuendesha uigaji mara mbili, mmoja ukianza na maji mengi na mwingine na maji machache. Muda wa matokeo kukutana ndio kipindi cha maandalizi, nacho hakipaswi kutumika kukadiria mgawo wowote.

Tasnifu inayotaja mgawo wa msuguano bila kutaja urefu wa kipindi hicho haimpi mtahini njia ya kujua iwapo thamani hiyo ni ya mafunjo au ni ya makisio ya siku ya kwanza.