Upepo Ukikatika, Bawa Halianguki

Video za warukaji wa Iten, Kenya, wanaoruka kwa bawa lisilo na injini, zikianza kuzunguka kwenye simu za vijana wa Lubunga, hapa Kisangani, najua maswali mawili yako njiani. La kwanza: upepo ukikatika pale juu, mtu si ataporomoka? La pili huzaliwa na la kwanza: basi sisi huku turukie wapi, siku ya upepo mkali? Nimeulizwa bichi nikingoja mtumbwi, nimeulizwa msibani, nimeulizwa na watu wazima wenye diploma. Swali la kwanza ni kosa la kawaida. La pili linaweza kuua, na kwa hilo leo sitalijibu kwa maneno mawili matatu.

Deltaplani, bawa la kitambaa lenye fremu, haishikiliwi juu na upepo. Parapenti, lile la kitambaa kitupu, vilevile. Bawa lisilo na injini linashuka muda wote ndani ya hewa iliyolizunguka, tangu miguu inapoacha ardhi mpaka inapoigusa tena. Uzito wa rubani unalivuta chini, umbo lake linaugeuza mvuto huo kuwa mwendo wa mbele, na mwendo huo ndio unaopitisha hewa juu na chini ya kitambaa na kuzaa nguvu ya kubeba. Parapenti ya kawaida huenda kama kilomita 36 kwa saa na kushuka kama mita moja kila sekunde. Piga hesabu: kutoka urefu wa mita 1,000, hewa ikiwa imetulia kabisa, rubani ana zaidi ya robo saa na kilomita zipatazo 10 za kusafiri. Hewa tulivu haimwangushi mtu. Ndiyo hewa ambayo wanafunzi hufundishiwa.

Mtu wa Lubunga anaweza kulihakikisha hili mwenyewe. Panda mtumbwi, fika katikati ya mto, weka kasia chini. Tazama fungu la magugu maji lililo ubavuni: halikuachi wala hulipiti, na ukilitazama hilo peke yake utaapa kwamba mmesimama. Geuza macho ukingoni, uone miti inavyokwenda. Sasa piga kasia. Unayaacha magugu kwa kasi ileile, uwe unapandisha mto au unashuka nao. Kinachobadilika ni kasi yako mbele ya ukingo. Rubani yumo ndani ya hewa hivyohivyo. Bawa lake likienda kilomita 40 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 40, aliye chini humwona amening'inia mahali pamoja, naye husema upepo umemshika. Haujamshika. Anaruka kwa kasi yake yote, ila havuki ardhi. Upepo ukipungua ndipo ataanza kusonga mbele.

Upepo unaobadilika ghafla ni hatari hasa karibu na ardhi. Bawa na rubani wana uzito, hawaongezi mwendo papo hapo. Mvumo ukikatika wakati bawa linakwenda polepole, hewa inayolipitia haitoshi, linapoteza nguvu ya kubeba, na ili kuurudisha mwendo linahitaji urefu wa kushukia. Ukiwa mita 500 juu, urefu huo unao. Ukiwa mita 15, huna. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka mara zipatazo 2,000 kuanzia mwaka 1891, aliangukia hapo: tarehe 9 Agosti 1896, kwenye kilima cha Gollenberg, bawa lake liliinuka pua, mwendo ukaisha, akaanguka kutoka mita 15 hivi. Alifariki kesho yake. Ndiyo maana rubani wa deltaplani anayekuja kutua huvuta fimbo kifuani ili aongeze mwendo, jambo ambalo watazamaji hulidhania wazimu. Kinachoangusha ni kukosa mwendo ndani ya hewa, na mwendo huo hatuuombi kwa upepo.

Mbona basi wengine hukaa juu saa tano, saa sita? Kwa sababu wanatafuta hewa inayopanda haraka kuliko bawa linavyoshuka. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi, ukingoni mwa genge la Elgeyo. Sakafu ya bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Genge limeelekea mashariki. Kati ya Desemba na Machi, ardhi ikiwa kavu, jua la asubuhi huchoma bonde, hewa ya moto hupanda ukutani, na upepo wa mashariki ukilifikia genge hauna pa kwenda isipokuwa juu. Hewa ikipanda mita nne kwa sekunde na bawa likishuka mita moja ndani yake, rubani anapata mita tatu. Kwa kuruka kutoka mkondo mmoja wa hewa ya moto hadi mwingine, rubani Dustin Martin alitoka Zapata, Texas, tarehe 3 Julai 2012, akaenda zaidi ya kilomita 760 kwa deltaplani. Mwewe wa bichi zetu hufanya vivyo hivyo kila siku: akiufikia mkondo huacha kupiga mabawa, hujikunja duara, mkia ukipinda kidogo huku na huku, akitoka nje yake huanza tena kupiga.

Kwa hiyo marubani wa eneo moja wakipashana habari za asubuhi, "leo upepo upo" si habari. Wanachotaka kujua ni upepo unatoka wapi pale pa kurukia, mvumo unazidi utulivu kwa kiasi gani, wingu la kwanza limejifunga saa ngapi, kitako chake kiko juu kiasi gani, na kama kuna wingu lililoanza kurefuka kwenda juu kuliko lilivyo pana. Hilo la mwisho likitajwa, walioko juu hushuka na walioko chini hawaruki.

Turudi Lubunga. Kisangani iko nusu digrii kaskazini ya ikweta, mita 400 hivi juu ya bahari, msitu pande zote. Siku nyingi upepo wake hautikisi hata jani la mgomba. Upepo mkali tunaoujua huku una chanzo kimoja: wingu la mvua ya radi. Kila mmoja wetu ameuona ukija. Saa nane mchana joto limekaba, mbingu ya mashariki imekuwa nyeusi, kisha ghafla inapiga hewa ya baridi, maji ya mto yanakunjamana, vumbi la bichi linainuka, na wapiga kasia waliokuwa wanavuka wanakimbilia ukingo wa karibu. Matone hayajaanguka bado. Ni hewa iliyopoozwa na mvua ndani ya wingu, imeporomoka hadi chini na kutambaa mbele, mara nyingine kilomita 20 mbele ya mvua yenyewe. Mdomo wake huinua kwa nguvu, nyuma yake hewa inavurugika na kushuka, na kasi yake inaweza kuzidi kilomita 60 kwa saa, yaani kuzidi mwendo wa parapenti yoyote ya mwanafunzi. Huo ndio "upepo mzuri" mnaoniuliza muungojee wapi.

Anayenusurika na mdomo huo wa hewa baridi bado ana wingu juu yake. Tarehe 14 Februari 2007, karibu na Manilla, Australia, Ewa Wiśnierska, rubani wa parapenti wa timu ya Ujerumani, alifyonzwa na wingu la radi hadi mita 9,946, akapoteza fahamu, barafu ikamganda mwilini. Aliokoka. Rubani mwingine, wa kutoka China, aliuawa na dhoruba hiyohiyo. Na kwetu kitako cha wingu hakiko mbali: joto likiwa digrii 30 na kiwango cha umande digrii 23, zidisha tofauti kwa 125, unapata mita 875 tu juu ya kichwa chako. Msinijibu kwamba Kivu kuna milima. Kabare, magharibi ya Bukavu, ndipo setilaiti zilipohesabu radi nyingi kuliko popote Afrika, zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Paa la ghorofa? Hapana. Upepo ukigonga jengo hupinduka juu ya paa, na urefu hautoshi kosa lolote. Bawa la kujitengenezea la turubai na mabomba? Hapana.

Mwenye nia ya kweli aweke akiba aende Iten mwezi wa Januari au Februari. Aruke kwanza na mwalimu kwenye bawa la watu wawili, ajue kama tumbo lake linakubali. Kozi ni ya wiki, si ya alasiri moja, na huanzia chini, kulisimamisha bawa kiwanjani. Kofia, redio na parashuti ya akiba si vya hiari. Kuvutwa juu kwa winchi hapa kwetu, pasipo na genge la kurukia, kunadai uwanja mrefu usio na miti na ruhusa ya wakuu wa anga. Njia ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Bangoka ni ya ndege. Na usinunue bawa la mtumba kabla hujapata mwalimu wa kulikagua: kitambaa kilichokaa juani miaka mingi huvujisha hewa, na hilo halionekani kwenye picha ya muuzaji.