Imamu mbele ya kamanda

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Mzazi mmoja wa hapa Kolandoto, ambaye mwanawe ameingia jeshini, aliniuliza baada ya sala ya Ijumaa: “Sheikh, kamanda akitaka kuamrisha jambo lililo kinyume na dini, ni nani wa kumwambia?”

Swali hilo ni la kale. Imamu Tabari amesimulia kwamba Khalifa Umar (R.A.) alipolituma jeshi la Saad bin Abi Waqqas kwenda Qadisiyya, aliliwekea kadhi wake, na Salman al-Farisi (R.A.) akawa mlinganiaji wao. Kabla ya hapo, katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Hubab bin al-Mundhir (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo mahali walipopiga kambi palichaguliwa kwa wahyi au kwa rai. Alipoambiwa ni rai, akashauri wasogee hadi kisima kilicho karibu na adui, na shauri lake likafuatwa. Tazama adabu ile, ndugu msomaji: aliuliza kwanza, ndipo akanena.

Leo kazi hiyo ni ya imamu au kasisi wa jeshi. Majirani zetu wa Kenya wanao wote wawili. Huongoza ibada, na humshauri kamanda kuhusu saumu ya askari, maziko, na heshima ya nyumba za ibada. Mikataba ya Geneva ya 1949 humlinda pamoja na tabibu: wakikamatwa, hawahesabiwi mateka wa vita. Sisi tulio jirani na hospitali ya kanisa hapa Kolandoto hatustaajabu wawili hao kuwekwa pamoja.

Lakini kushauri kuna gharama. Kapteni James Yee, Mmarekani aliyesilimu na kusoma Damascus, alipelekwa Guantanamo mwishoni mwa 2002. Aliwashauri wakuu wake juu ya sala za wafungwa na namna ya kuuhifadhi Msahafu wakati wa upekuzi. Septemba 2003 akakamatwa kwa kushukiwa ujasusi, akafungiwa peke yake siku 76. Machi 2004 mashtaka ya jinai yakafutwa.

Mzazi yule akauliza kama Yee alijuta. Nikamwambia kwamba mwaka 2005 alitoa kitabu cha masaibu yake, na jina la kitabu hicho limemtaja Mungu kwanza, kisha nchi.

Wallahu a’lam.